Kinu Alichokiona Muuza Vitenge

Nilianguka kutoka juu ya bati la nyumba ya mteja, hapa hapa Musinzira, mtaa wetu wa Gitega, nikiwa nafunga paneli ya pili ya sola. Hapakuwa na mvua wala utelezi. Nilirudi nyuma hatua moja nitazame kama paneli imekaa sawa, na bati likaisha. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Nikafungwa plasta kutoka pajani mpaka karibu na vidole, na daktari akasema wiki nane nisipande hata kiti.

Mimi kazi yangu ni kupanda. Nililelewa Kigoma, nikarudi Burundi nikiwa msichana mkubwa, na mpaka leo watu wa Gitega wakinisikia huuliza, "We umetoka Tanzania?" Kisha wakiniona na ngazi begani huuliza swali la pili, nani fundi, kana kwamba ngazi ni ya mtu mwingine niliyembebea. Kwa hiyo kulala kitandani mchana kweupe, nikisikiliza cherehani ya mume wangu barazani, kulinichanganya kuliko maumivu. Sikujua mikono niiweke wapi.

Kompyuta yangu niliinunua kwa mtu, nikawa naitumia kuchorea michoro ya nyaya tu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameacha mchezo ndani yake. Siku ya nne ya plasta nikaufungua. Ni mchezo wa kuunda vyombo vya angani: unapanga matangi, injini, betri, antena, unarusha, na ukikosea hesabu kinarudi chini vipande vipande. Hakuna adui wala hakuna wa kumpiga. Adui ni uzito tu. Juma la kwanza vyombo vyangu vyote viliishia kwenye majani karibu na pale viliporushwa. Juma la tatu nikafika mwezini na nikapiga kelele hadi mume wangu akaingia na sindano mdomoni akidhani nimeanguka tena.

Yeye ni mtu wa Gitega, wa familia ya mafundi na wachuuzi, na hana haraka na jambo lolote. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Sasa hii ndege yako, iko na watu ndani?"

"Hakuna mtu. Kinaenda chenyewe."

"Kinaenda kufanya nini?"

"Kutazama."

Akafikiri. "Na nani anatazama, kama hakuna mtu?"

Nilimwambia mimi ndiye ninayetazama, akasema basi sawa, akarudi kwenye suruali za watu.

Chombo kile nilikituma mbali, kwenye sayari za mwisho, na huko kikafa. Hakikulipuka, kilinyamaza tu. Nikabonyeza kila kitu, hakigeuki, antena haijibu. Betri zilikuwa tupu. Paneli zilikuwa zimefunguka vizuri, zimelikabili jua, ila jua lenyewe kule limekuwa kadoa kama nyota nyingine yoyote. Nilikasirika kifundi. Paneli nazijua. Nikaunda kingine chenye paneli nyingi mpaka kikafanana na mgomba, nacho kikafa kifo kilekile, mbele kidogo tu ya mwenzake.

Nikasoma kwenye mtandao, kwa simu, jinsi watu wanavyofanya. Wengi waliandika kwa Kiingereza, mimi nikiwapitisha kwenye tafsiri ya simu, na yaliyotoka upande wa pili yalikuwa Kiswahili cha mtu mwenye homa. Lakini niliambulia jambo moja: wenye kwenda mbali hawategemei jua. Wanaweka kinu cha nyuklia. Mchezo wangu haukuwa nacho. Wakasema unaweza kukiongeza mwenyewe.

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza hasa, kwa sababu ilikuwa rahisi mno. Kila kifaa kwenye mchezo ni faili la maandishi. Jina lake, uzito wake, kinakula nini, kinatoa nini. Nikanakili faili la betri ndogo, nikafuta jina, nikaandika "kinu". Nikaongeza uzito, nikaandika kitoe umeme mwingi, nikahifadhi. Nilipofungua mchezo, kilikuwepo, kimekaa kati ya vifaa vingine na umbo la betri. Nikakifunga kwenye chombo, na kila taa ikawaka.

Nililala pale na mguu wangu juu ya mto, nikiona aibu. Mimi niliyevuta nyaya kwenye mabati ya watu miaka yote hii, nikijua kila wati inatoka wapi, nimeandika neno moja na umeme umekuja. Haukutoka popote. Nikawaandikia wale watu wa mtandaoni: je, hivi ndivyo? Mmoja akanijibu kwamba hapana, kinu cha kweli kinatoa joto kwanza, na umeme ni sehemu ndogo ya joto hilo; niongeze joto kwenye faili. Nikaongeza. Chombo kikaondoka vizuri, kikapita mwezi, kisha kinu kikawa chekundu, kikawa cheupe, kikapasuka.

Huko angani ni baridi, kila mtu anasema. Baridi kuliko milima ya Mugamba asubuhi, kuliko barafu. Inakuwaje kitu kiungue katikati ya baridi? Nikauliza tena. Nikajibiwa kwamba joto halina pa kwenda, kwa kuwa hakuna hewa ya kulichukua, na kwamba nahitaji rejeta. Rejeta naijua ya gari. Inataka maji na upepo. Huko hakuna upepo. "Joto litaondoka kama mwanga," yule mtu akaandika, au simu yangu ilisema ameandika hivyo. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nikamsomea mume wangu.

"Joto likiondoka kama mwanga," akasema, "basi taa ya kandili ingekuwa inapika ugali."

Akarudi kwenye cherehani yake.

Ndipo nikamkumbuka mzee mmoja wa Muyinga, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, muuza vitenge. Mwaka uliotangulia nilimfungia sola nyumbani kwake. Nikiwa juu ya bati lake, yeye chini ameshika ngazi, alisema jambo ambalo wakati ule nililipita tu: kwamba moto wa jua ni mzuri, lakini yeye aliona moto mwingine Kinshasa ujanani, usio na moshi, ndani ya maji. Nilidhani ananiburudisha nisichoke. Sasa nilijua alisema nini. Katika watu wote ninaowafahamu, huyu peke yake alikuwa ameona kinu.

Plasta ilipotolewa, safari yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa Muyinga. Kwa haki niseme, kazi niliitafuta. Nilimpigia nikamwambia nataka kukagua betri zake. Zilikuwa nzima.

Nilimkuta dukani kwake sokoni, amezungukwa na vitenge mpaka darini, anamkunjia mteja kipande. Nikamwamkia shikamoo. Yeye huwa anaicheka shikamoo yangu, kwao hawaizoei.

"Eh, Mama wa Tanzania! Mguu inaendelea?"

"Unaendelea, Papa. Nina swali."

Nilimweleza vibaya. Nilianzia kwenye mchezo, nikaona uso wake unafunga, nikaanza upya kwenye kinu. Hapo akaweka mkasi chini. Akamwambia mteja arudi baadaye, akavuta kigoda.

"Mi niliiona na macho yangu," akasema. "Tulikuwa wanafunzi. Walituteremusha kwa ngazi ya chuma, mmoja-mmoja. Chini kuko kisima kikubwa, maji safi kabisa, unaona mpaka chini. Na kule chini iko nawaka. Bleu. Si bleu ya kitenge, hapana. Mi natafutaka hii rangi tangu miaka yote, kila balo ya vitenge nafungua, haiko."

"Inawaka ndani ya maji?"

"Ndani ya maji. Na kimya! Hakuna hata sauti ya nzi."

Nikamuuliza wanaizimaje. Akasema kuna fimbo, zinashushwa katikati yake polepole, kama ndoo kisimani. Akachukua karatasi ya kufungia mzigo, akachora kisima, fimbo, na watu wadogo ukingoni.

"Na zikishuka, inazimika?"

"Voilà, hapo ndiyo watu wote hawaelewi. Unaizima, lakini haizimike. Mwenye alikuwa anatuongoza alisema: hata ukishusha fimbo zote, joto inabaki. Siku mingi. Lazima uendelee kuipa maji. Kama mbabula ya makaa, umetoa sufuria, umelala, asubuhi unatia mkono kwenye majivu, inakuunguza."

Kwenye faili langu, kinu kikizimwa joto lilikuwa sifuri papo hapo. Nikaandika maneno yake nyuma ya mkono wangu kwa kalamu, kwa sababu karatasi alikuwa ameishika yeye. Nikamuuliza la mwisho, lile lililonisumbua: na pasipo maji, wala hewa, joto litapita wapi?

"Sijue," akasema. "Hiyo hawakutuambia."

Akanipeleka nyumbani kwake nile. Mkewe alikuwa amepika sombe, kisamvu cha kwao, na ndagala, dagaa wa ziwani. Wakati wa kuondoka mzee alirudi dukani, na mama yule akanisindikiza mpaka njiani, kitenge kimefungwa kifuani, anatembea polepole kwa ajili ya mguu wangu.

"Dada," akasema, "amekuelezea ya Kinshasa?"

"Ndiyo, Mama. Amenisaidia sana."

"Yeye hakufika Kinshasa." Alisema bila ubaya, kama mtu anayekuambia una uzi kwenye bega. "Mi namjua tangu Uvira. Alikuwa anauza samaki, kisha nguo, kisha vita, kisha hapa. Mwenye alisoma Kinshasa ni mkubwa wake. Huyo alikufaka."

Nikasimama. "Lakini amenichorea."

"Anachoraka. Hata watoto aliwachorea." Kisha akasita, akatazama barabara. "Labda kuko mwaka moja. Mbele ya kuoana, kuko mwaka moja alikuwa mbali, na mi sikuwa namjua sana. Labda hapo. Mi sijue, dada. Ninyi wenye kusoma mtajua."

Nilirudi Gitega, kupitia Karuzi, nikiwa sijui nimebeba nini. Karatasi ya mzee, aliyonipa nikiondoka, ilikuwa mfukoni. Fimbo, kisima, watu wadogo. Nilipofika nyumbani nikatafuta kwenye mtandao jambo moja baada ya jingine, nikiogopa. Rangi ya bluu ndani ya maji: ni kweli, ipo. Fimbo za kushushwa: kweli. Joto linalobaki baada ya kuzimwa, siku nyingi: kweli tupu, na vinu vya dunia nzima hupozwa hivyo baada ya kuzimwa. Mzee hakukosea hata neno moja. Na huenda hakuona kitu.

"Sasa tatizo iko wapi?" mume wangu akauliza. "Amekuambia ya kweli."

"Lakini kama hakufika?"

"Mi sijafika Maka bado. Ukiniuliza Kaaba iko na rangi gani, nitakudanganya?"

"Hutasema umeiona kwa macho yako."

Akakuna kidevu kwa kipande cha chaki.

Niliandika upya faili lote. Iliniwia kazi ya majuma, mchana nikisubiri wateja. Nikakiwekea kinu joto linalopungua taratibu baada ya kuzimwa. Nikaongeza rejeta, mabapa mawili marefu yanayofunguka kama mbawa. Habari ya joto kuondoka kama mwanga niliielewa nusu, siku moja nikipita mbele ya ukuta wa matofali jua likiwa limeshatua: shavu langu la upande wa ukuta lilipata joto, na upepo ulikuwa wa baridi. Nikasimama hapo nikisogeza uso mbele na nyuma, mtu mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nusu nyingine sijaielewa hadi leo. Na rangi nikaiweka bluu, kwa ajili ya mzee, ingawa yule mtu wa mtandaoni aliniambia kwamba bluu ile ni ya maji na angani hakuna maji.

Chombo kikafika sayari za mwisho kikiwa na taa. Nikaweka kinu changu mtandaoni bure, watu wachache wakakichukua. Mmoja akaniuliza kama mimi ni mhandisi, kwa kuwa nimefikiria joto la baada ya kuzima, jambo ambalo wengine hulisahau. Na kwenye faili kuna mstari wa kuandika aliyekitengeneza. Nilikuwa nimeuacha wazi. Ningeandika mimi? Ningeandika muuza vitenge? Au kaka yake aliyekufa, ambaye sikumjua hata kwa sura? Nilianza jibu mara tatu kwa yule mtu, nikayafuta yote, mwishowe nikamwandikia: mzee mmoja aliniambia. Hakuuliza tena.

Miezi kadhaa baadaye nilipata kazi Gashoho, kufunga sola kwenye duka la mkulima mmoja, lenye kinyozi ndani. Nikabeba kompyuta. Kutoka hapo nikaingia Muyinga mjini, nikamkuta mzee dukani adhuhuri, soko limepoa. Nikaweka kompyuta juu ya marobota ya vitenge nikamwonyesha kinu kikiwaka bluu kwenye kiza cha nyota.

Alivaa miwani. Akakaribia mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Hapana," akasema. "Si hii."

"Rangi?"

"Rangi inakaribia. Lakini yako iko na makelele."

Ni kweli, mchezo unakipa kila kifaa mlio, nami sikujali kuutoa. Nikazima sauti. Akatazama tena, muda mrefu, kichwa upande.

Nilikuwa nimeapa kwamba sitauliza. Nikauliza. "Papa, Kinshasa ulifika kweli?"

Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta na ncha ya kitenge cha kuuza.

"Mke wangu alikuambia."

"Aliniambia hajui."

"Mkubwa wangu alikuwa anaelezea vizuri," akasema. "Sana. Alirudi likizo, tukalala chumba kimoja, akaelezea ngazi, maji, yote. Mwaka ya kufuata mi nikaenda kumutembelea. Nilienda, hiyo najua, nilipanda boti, niligonjwa ndani ya boti. Lakini kama aliniingiza kule ndani…" Akafungua kiganja, akakitazama. "Kuko siku nakumbuka chuma ya ngazi, baridi, hapa mkononi. Kuko siku nakumbuka sauti yake tu ananiambia chuma ilikuwa baridi. Alikufa, sina wa kuuliza. We unafikiri nini?"

Aliniuliza kwa dhati, kama mteja anavyoniuliza betri yake itaishi miaka mingapi. Na mimi, niliyekuja na swali, nilijikuta natafuta jibu usoni mwake. Nilisema sijui. Nilisema labda yote mawili. Akatikisa kichwa kwamba hilo halimsaidii.

Kisha akasema, "Izime, nione."

Nikamwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja kilichonyooka. Bluu ikafifia. Pembeni, tarakimu za joto zikaanza kushuka, haraka kwanza, halafu polepole, halafu kwa unyonge sana, moja, kimya, moja. Mchezo una kitufe cha kuharakisha wakati. Nilitaka kukigusa, akanizuia mkono.

"Acha ishuke yenyewe."

Mkewe akaleta chai na mandazi, akaona tumekaa bega kwa bega mbele ya kompyuta, akauliza tunangojea nini. "Ipoe," mzee akasema. Mama yule akatazama kioo, akanitazama mimi, nikainua mabega. Akavuta kigoda chake naye. Alikuja mteja mmoja akitaka kitenge cha harusi. Mama akampimia bila kuondoa macho kwenye zile tarakimu, akakosea, akapima tena.

Betri ya kompyuta ilikuwa inakwisha, na sikusema. Niliwaza kuhusu gari la mwisho la Gitega, nikawaza kwamba sijui tunaomboleza au tunacheza. Joto bado lilikuwa juu. Mzee alikuwa amekunja mikono, midomo inasogea kidogo, sijui anahesabu au anazungumza na nani.